Aliyesimama Nje ya Mlango wa Darasa

Jioni tatu mfululizo tulimwona mama mmoja amesimama chini ya mwembe, hatua kumi hivi kutoka mlango wa chumba cha parokia tunamofundishia watu wazima. Mkononi alishika beseni tupu lililonuka ndagala, nasi tukajua kwamba atoka sokoni. Jioni ya kwanza tulidhani amngoja mtu. Jioni ya pili alisogea karibu zaidi, akachungulia dirishani. Kisha watoto wawili wakapita njiani, naye akageuka upesi kama mtu aliyekumbuka safari. Jioni ya tatu tulimwachia mwanafunzi mmoja chaki, tukatoka nje, tukamsalimu.

"Mama, wamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu, Mwalimu. Natazama tu." Akanyamaza kidogo, akilihamisha beseni kutoka mkono mmoja hadi mwingine. "Mimi niliacha shule katika darasa la nne. Sasa binti yangu wa kwanza amefika darasa la sita. Nikiketi humo ndani, mtoto atasema nini?"

Hakuuliza bei ya kujiandikisha. Hakuuliza saa za masomo wala vitabu. Swali lake lilikuwa hilo moja, na katika miaka tuliyofundisha watu wazima ndilo tumelisikia kuliko mengine yote, ingawa kila mtu hulivika nguo yake. Mmoja husema, "Kichwa changu kimekwisha kuwa kigumu." Mwingine asema kwamba kazi ni nyingi, au mvua ni nyingi, au mtoto bado anyonya. Sababu hizo ni za kweli, hatuzikatai. Lakini tumeona mara nyingi kwamba mvua yakatika, mtoto aachishwa ziwa, na mtu yule bado haji. Huyo amezuiwa na haya.

Tusiidharau haya hiyo, wala tusiiite uvivu. Mtu anayebeba gunia la mihogo kutoka mlimani hadi sokoni, au anayekesha ziwani akivua kwa taa usiku usio na mwezi, si mvivu wala si mwoga. Anachoogopa ni kuonekana. Mtoto asiyejua kusoma haoni haya, kwa maana kila mtu ajua kwamba ameletwa shuleni kwa sababu hajui. Lakini mtu mzima amekwisha kupata heshima yake. Aitwa baba fulani au mama fulani. Katika jumuiya ndogo ya kikristu huombwa shauri. Katika ukoo hupatanisha waliogombana. Akiketi kwenye benchi na kushindwa kuandika jina lake, aona kana kwamba heshima hiyo yote yavuliwa mwilini mwake mbele ya watu.

Na ni nani hawa walioacha shule? Wengi wao ni rika letu sisi wenyewe. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1998, vita vya pili vilipoanza katika nchi yetu, wakati majeraha ya vita vya 1996 hayajapona, leo akaribia miaka 40. Shule nyingi za mashariki zilifungwa, watu wakakimbilia milimani, wengine wakavuka ziwa Tanganyika hadi Tanzania. Tena, hata pasipokuwa na vita, palikuwa na minervali. Tangu miaka ya 1990 Serikali ilishindwa kuwalipa walimu mshahara wa kutosha, na wazazi ndio waliobeba mzigo huo mwezi kwa mwezi, mpaka mtoto ambaye baba yake hakulipa hurudishwa nyumbani asubuhi, mbele ya wenzake, na mkoba wake begani. Nyumba yenye watoto sita na fedha ya watoto wawili ilifanya nini? Ilichagua, na mara nyingi wasichana waliachwa. Katiba ya mwaka 2006 iliandika kwamba elimu ya msingi katika shule za Serikali ni ya lazima na bila malipo, lakini ilitupasa kungoja mpaka Septemba 2019 ndipo neno hilo lianze kutekelezwa. Hapo watoto wakafurika madarasani, watatu, wanne, hata watano kwenye benchi moja. Tuliwafurahia. Ila mama zao waliosindikizana nao mpaka lango la shule walirudi nyumbani na haya ileile ya zamani.

Mama wa mwembeni alitueleza baadaye kwamba baba yake alikuwa na fedha ya watoto wawili, naye alikuwa wa tatu.

Labda msomaji atauliza: kwa nini basi mtu ajisumbue? Ameishi miaka 25 bila daftari, ameolewa, amezaa, auza samaki, hana njaa. Tumjibu kwa jambo moja dogo alilotusimulia mama huyo. Anayo simu, kama wengi siku hizi. Ujumbe ukiingia, humpa binti yake wa miaka 12 amsomee. Mteja ametuma fedha: mtoto asoma. Mwenye nyumba adai kodi: mtoto asoma. Siku moja dada yake mama huyo aliandika kutoka mji mwingine juu ya ugonjwa wake, ugonjwa ambao wanawake huambiana kwa sauti ya chini. Mtoto akausoma ujumbe kwa sauti mpaka mwisho, kisha akamtazama mama yake. "Siku hiyo," alisema mama, "nilijiona kama mtu anayekaa katika nyumba isiyo na mlango."

Kabla ya kusema namna ya kumsaidia mtu wa namna hii kuingia darasani, yatupasa kwanza kuungama kosa letu, maana si haki kuwaonya wengine huku tumeficha la kwetu.

Tulipoanza kazi ya kufundisha watu wazima tulikuwa vijana, tumetoka seminarini, na tulijua namna moja tu ya kufundisha, yaani ile tuliyofundishwa sisi. Padri wetu wa Kilatini alikuwa na desturi ya kumwita mwanafunzi ubaoni bila kumwonya, ili wote wawe macho. Nasi tukafanya hivyohivyo. Alikuwako katika darasa letu fundi mwashi, mtu wa miaka 45 hivi, mpole, mwenye mikono mikubwa. Tulimwita ubaoni, tukamwandikia hesabu ya kugawanya, 96 kwa 4. Akashika chaki. Akasimama. Kimya kikawa kirefu, vijana wawili nyuma wakaanza kucheka, nasi, badala ya kuwanyamazisha, tukasema neno ambalo tungetamani tuweze kulirudisha kinywani: kwamba hata mtoto wa darasa la tatu aweza hesabu hiyo. Yule fundi aliiweka chaki mahali pake taratibu, akafuta mikono, akaketi. Kesho yake hakuja. Baada ya majuma mawili tulikwenda kwake kumwomba radhi. Alitupokea vizuri, akatupa kiti, akasema kazi zimekuwa nyingi. Hakurudi tena.

Miezi michache ikapita, tukapita mahali alipokuwa akijenga ukuta. Alikuwa na kamba ya urefu wa ukuta mzima. Aliikunja mara mbili, akaikunja tena mara mbili, akapata sehemu nne zilizo sawasawa, akapiga vigingi mahali pa nguzo bila kukosea hata upana wa kidole. Tulisimama tukitazama. Kugawanya kwa nne! Mtu huyu alijua kugawanya kwa nne kabla sisi hatujazaliwa. Asichokijua ni ile alama tuliyoiandika ubaoni. Nasi hatukumwuliza anajua nini, tulimwonyesha tu asichokijua, tena mbele ya watu.

Kwa ajili ya kosa hilo tulianza kuwaza upya habari za mtakatifu mmoja ambaye maisha yake tulisomewa seminarini wakati wa kula. Wakati ule masikio yetu yalifuata vita vyake tu, hayakufuata shule yake. Ni Mtakatifu Inyasi wa Loyola.

Kila mkristu aliyesikia habari zake ajua kwamba alikuwa askari, na kwamba mwaka 1521, katika vita vya Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu, akalala kitandani muda mrefu, akasoma vitabu vitakatifu, akageuka moyo. Wachache hukumbuka yaliyofuata. Inyasi alitaka kusaidia roho za watu, akaona kwamba bila elimu hataweza. Basi mwaka 1524, akiwa na miaka 33 hivi, aliingia shule ya Kilatini mjini Barcelona, akaanza sarufi pamoja na wavulana wadogo. Tafakarini jambo hilo, ninyi akina baba mliopita miaka 30. Mtu wa ukoo wa heshima, aliyezoea upanga na farasi, achechemea kuingia darasani, aketi kati ya watoto, na kurudia nao vitenzi.

Tena hakufanikiwa upesi. Yeye mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba kila alipotaka kukariri somo, mawazo matamu ya mambo ya Mungu yalimjia kwa wingi, hata hakuweza kushika neno. Mwanzoni alifurahi. Kisha akajichunguza, akaona ajabu: anaposali, mawazo hayo hayaji kwa nguvu namna ile, yaja anapofungua kitabu cha sarufi. Akatambua kwamba hicho ni kishawishi, kitu chema kinachokuja saa isiyo yake. Alifanya nini? Alimwomba mwalimu wake waende pamoja katika kanisa la Santa Maria del Mar, karibu na nyumba ya mwalimu, wakaketi, akamfunulia yote yaliyokuwa yakimsumbua, akamwahidi kwamba kwa miaka miwili hatakosa somo hata moja, mradi tu apate mkate na maji ya kuishi mjini humo. Mawazo yale hayakumsumbua tena.

Twawasihi akina mama wema mlitazame jambo hili kwa makini, kwa maana tumeliona kwa macho yetu. Mama hakumbuki deni la jirani asubuhi wala mchana; alikumbuka saa kumi na nusu, daftari likifunguliwa. Mgonjwa wa hospitali aweza kutembelewa Jumapili. Moyo wamwambia aende sasa hivi, saa ya somo. Na rozari ya jumuiya, Mungu atusamehe, huwa na haraka sana siku ambayo kuna hesabu za kugawanya! Hatusemi mtu aache kusali au kutembelea wagonjwa. Twasema afanye kama Inyasi, amwambie mwalimu kwa siri, "Nikifungua kitabu, roho yangu yatoroka, na hii ndiyo njia yatorokea." Likisemwa hivyo, nusu ya nguvu zake yaisha.

Baada ya miaka miwili Inyasi alikwenda vyuo vya Alcalá na Salamanca, akachanganya masomo mengi kwa haraka, tena akatiwa gerezani mara mbili kwa kushukiwa mafundisho yake. Mwaka 1528 alifika Paris. Hapo akaona kwamba msingi wake ni mbovu. Na hapa ndipo sisi twamstaajabia zaidi kuliko huko Pamplona: akiwa na miaka 37 hivi alirudi nyuma, akaanza tena Kilatini pamoja na watoto, kwa utaratibu wa shule za Paris. Mara ya kwanza mtu aweza kujipa moyo kwa kuwa hajui yanayomngoja. Mara ya pili ajua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi twaongeza kwamba mara nyingine huinama mara mbili. Mwaka 1529 alihamia chumba kimoja na wanafunzi wawili vijana, Petro Favre na Fransisko Ksaveri, wote wawili waliozaliwa mwaka 1506, yaani wadogo wake kwa miaka 15 hivi. Favre ndiye aliyemsaidia kurudia masomo ya filosofia jioni. Inyasi akakubali kufundishwa na kijana. Alipata shahada yake ya ualimu mwaka 1535, miaka 11 baada ya siku ile ya Barcelona, na mwaka 1540 Papa Paulo wa Tatu aliidhinisha Shirika la Yezu.

Yuko na mwingine, Yohane Maria Vianney, ambaye sote twamjua kama paroko wa Ars. Alikuwa mkulima, alianza Kilatini akiwa amekaribia miaka 20, na Kilatini kilimshinda vibaya. Mwenzake mmoja darasani, mtoto wa miaka 12 tu aliyeitwa Mathias Loras, alichoka kumweleza, akampiga mbele ya wengine. Vianney, mtu mzima mwenye nguvu za jembe, alipiga magoti akamwomba mtoto yule radhi kwa kumchosha. Mtoto akalia, akamkumbatia. Huyo Loras baadaye alikuwa askofu wa kwanza wa Dubuque, huko Marekani, na urafiki wao haukufa. Twakiri kwamba habari hii hutusumbua kidogo. Hatumwambii mtu yeyote apige magoti kwa anayemcheka. Tumeitaja kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba kuchekwa na mtoto ni mwisho wa safari.

Sasa tuseme yale ya darasani, tuliyoyajua kwa kukosea.

Jambo la kwanza ni macho. Mtu akipita miaka 40, macho yake huanza kushindwa kuona vema vitu vya karibu, hata kama aona mtumbwi uliopo mbali ziwani. Tulikuwa na mzee aliyesogeza kitabu mbali mpaka mkono ukaisha urefu, kisha akasema, "Haiingii kichwani." Tulidhani ni akili. Kumbe ilikuwa miwani. Alipoazimwa miwani ya mjomba wake alisoma mistari mitatu, akacheka mwenyewe. Basi kabla mtu hajasema kwamba kichwa kimekauka, apimwe macho kwanza. Pili ni mikono. Mkono uliozoea jembe, kasia au mwiko hubana kalamu kama kitu kitakachotoroka; baada ya dakika kumi vidole vyauma, na mwenye vidole aona haya kusema. Twawapa kwanza chaki kubwa waandike ubaoni pakiwa hapana watu, au kidole juu ya mchanga, mpaka mkono ulegee.

Tatu ni Kifaransa. Wengi hudhani kwamba kusoma na Kifaransa ni kitu kimoja, kwa kuwa shuleni walichapwa kwa Kifaransa. Sisi twaanza kwa Kiswahili, ambacho ni moja ya lugha nne za taifa letu, na mtu akisha kusoma katika lugha anayoielewa, ile nyingine hufuata kwa uchungu mdogo zaidi. Hatusemi bila uchungu.

Na lile la "kichwa kigumu" je? Mama wa mwembeni hukumbuka madeni ya wateja 20 bila karatasi. Kichwa chake hakijakauka. Lakini twajua kwamba hofu nayo yataka nafasi kichwani. Mtu anayehesabu huku awaza "wananitazama, watanicheka" ahesabu kwa nusu ya akili tu, maana nusu nyingine yalinda mlango. Kwa hiyo mwalimu anayeondoa hofu hafanyi kazi ya huruma tu. Afanya kazi yake ya ualimu.

Hivi ndivyo tulivyofanya na mama yule. Hatukumwambia aingie jioni ileile. Tulimwomba aje Jumamosi asubuhi, wakati chumba ni kitupu, atazame tu. Alikuja. Alizunguka kati ya mabenchi, akagusa ubao, akaketi mahali patatu mbalimbali, mwisho akachagua benchi la karibu na mlango. "Nikishindwa," alisema, "nitatoka bila kupita mbele za watu." Tukamwambia kwamba mahali hapo ni pake. Kisha tukamwuliza habari za ndagala. Alieleza upesi: beseni moja hununua franka 60,000, kulifikisha sokoni ni franka 5,000, alipanga mafungu 40, kila fungu franka 2,000. Tukamwuliza apata faida gani. "Kumi na tano elfu," akasema, kabla hatujamaliza swali. Tukashika chaki, tukaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa tarakimu na alama: 40 mara 2,000 ni 80,000, toa 60,000, toa 5,000. Akaitazama ile hesabu muda mrefu. "Hii ni mimi?" akauliza. "Ni wewe, mama." Akaomba chaki, akaizungushia 15,000 duara.

Jumatatu aliingia pamoja na jirani yake tuliyemwomba ampitie nyumbani. Hilo nalo tumejifunza: anayekuja peke yake hupata nafasi nyingi za kugeuka njiani.

Lakini yote hayo ni kazi ya saa mbili jioni. Saa nyingine zote mwanafunzi mzima yuko nyumbani, na nyumbani ndiko masomo yake huvunjika. Ninyi akina baba, mtuvumilie tukisema wazi. Tumewajua waume waliosema, "Akijua kusoma atanidharau." Tumewajua waliomruhusu mke, kisha kila jioni wakatafuta maji ya kuoga saa ya somo, wasiyoyatafuta saa nyingine. Tumemjua mmoja aliyechukua daftari la mke wake akalisoma mbele ya wageni kwa kuchekesha. Mwanamke yule alikuja kesho yake bila daftari. Kwa upande mwingine twamjua mvuvi ambaye, tangu mke wake aanze masomo, huwasha mwenyewe moto wa jioni; wenzake walimtania ufuoni, naye akawajibu kwamba moto haumwulizi mtu kama ni mwanamume. Mume wa mama yetu ni wa katikati. Hakukataa, hakusaidia. Baada ya mwezi mmoja alianza kuuliza, "Leo mmejifunza nini?" kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana auliza. Twadhani naye yuko nje ya mlango.

Na mtoto je, yule ambaye maneno yake yaliogopwa tangu mwanzo? Mama alitaka kumficha. Tulimshauri amwambie mwenyewe, kabla hajaambiwa na wengine njiani. Alimwambia usiku, taa ikiwa imezimwa. Binti akanyamaza, mama akadhani amelala. Asubuhi alikuta kalamu ya risasi imechongwa, imewekwa juu ya beseni. Siku hizi binti hukagua daftari la mama yake na kupiga alama kwa wino mwekundu, tena ni mkali. Mama alitulalamikia kwamba alimpa 4 kwa 10 kwa sababu ya mwandiko.

Kwa wale wanaouliza njia hii yafika wapi, tuwaambie kwa ufupi. Vituo vya kujifunza kusoma na kuandika viko katika parokia nyingi. Anzeni kwa kuuliza hapo. Vile vituo vinavyofupisha miaka sita ya shule ya msingi kuwa mitatu vimewekwa kwa ajili ya watoto na vijana waliochelewa. Mwenye mtoto wa namna hiyo asisite kumpeleka. Na aliyesoma mpaka shule ya sekondari akaachia njiani, ajue kwamba mtihani wa Serikali, ulioanza mwaka 1967, hupokea pia watu waliojifunza wenyewe, ambao hupimwa kwanza kwa jaribio la awali. Aende aulize mapema katika ofisi ya elimu ya mahali pake, asingoje mwezi wa mwisho. Karatasi za zamani zikipotea vitani, aseme hivyo waziwazi. Si yeye peke yake.

Turudi kwa mama yetu, maana tusije tukawadanganya wasomaji kwamba haya yake iliisha Jumamosi ile. Mwezi wa tatu wa masomo mtoto wake mdogo alishikwa na malaria, akalazwa. Mama hakuja majuma matatu. Siku aliyorudi tulimwona tena chini ya mwembe, na beseni mkononi, kama siku ya kwanza. Wenzake walikuwa wamefika kwenye barua. Yeye alikuwa bado kwenye silabi. Tukatoka nje. "Mwalimu, wameniacha," alisema. Tulimweleza habari za Inyasi huko Paris, alivyorudi tena kuketi na watoto. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mguu wake ulikuwa bado wauma?" Tukasema kwamba alichechemea mpaka kufa kwake. Akatafakari kidogo. Hakuingia jioni ile.

Aliingia siku ya pili yake, akaketi benchi lake la karibu na mlango. Hakuna aliyekuwa amelichukua.

Juzi alifika amechelewa, soko lilikuwa baya na mvua ilimnyeshea njiani. Somo lilikuwa limekwisha kuanza. Hakusimama chini ya mwembe. Aliliweka beseni kizingitini, akajikamua kanga, akapita mbele ya watu wote, akamwuliza jirani yake tuko ukurasa gani.